Kioo Namba Mia na Kumi na Nne

Leo wanahamisha maabara, Bogna.
Makasha mawili yamekwenda jaani,
bati la biskuti nimelinusuru.
Nimelipakata kwenye tramu mpaka Bałuty,
vituo kumi na kimoja,
na kila reli ilipopinda vioo vililia
kama meno ya mtu mwenye baridi.

Wino ni ule wako wa zambarau.
Namba na tarehe tu. Majina hukuyaandika:
"Jina likiingia jichoni, Ludka, mkono hutetemeka,
na mkono ukitetemeka hesabu hukosea."
Jicho kwenye hadubini,
dole gumba kwenye kidude cha kuhesabia,
ta, ta, ta,
chembe nyeupe zisizokomaa, zimejazana ndani ya uboho
kama wageni waliokuja msibani wakahamia.

Mwaka wa kwanza, watoto kumi na mmoja.
Theluji ilipoyeyuka walibaki wawili.
Dawa iliyokamuliwa kwenye ua ilitoka ng'ambo
ndani ya soksi ya binamu yako rubani,
chupa sita, kwa watoto tisa.
Sikukuuliza uligawaje.
Nilikuona tu jioni ile kwenye foleni ya nyama,
dole gumba likibonyeza mfukoni, ta, ta,
ukihesabu walio mbele yako
na wale ambao nyama haitawafikia.

Kisha ikaja miaka tisa ya panya.
Dawa yako mwenyewe, namba saba,
unga wa kijivu unaonuka kiberiti.
Panya walipona. Walinenepa! Tuliona haya kuwaua.
Profesa Krzeptowski alileta keki.
Halafu wakapewa watoto kumi na wanne,
na maini ya watatu yakakataa.
Mmoja wao alikuwa akikusanya vifungo vya makoti.
Hilo nalijua, ingawa jina hukuandika.

Mficha maradhi, kilio humfichua.
Mficha matokeo, humfichua nani?
Profesa alitaka neno laini,
"hayajakamilika", "yahitaji muda".
Usiku ule ulipiga taipu umevaa koti, joto limekatwa,
kurasa sita, na mwisho kabisa maneno matatu:
Dawa hii isitumike.

Ukanyang'anywa ofisi yenye dirisha,
ukapewa chumba kando ya boila,
na humo miaka kumi na saba ulifanya kazi isiyo na sherehe:
dawa zile zile za zamani,
siku gani, kiasi gani, ipi itangulie,
lini imetosha kumtesa mtoto.
Hakuna aliyeleta keki.
Ila vioo vilianza kutakata.
Kimoja cha wiki ya tano nilidhani nimekikosea rangi.
Ulihesabu chembe mia mbili, ukarudia mia mbili,
ukaniita nishike kidude mimi.
Kilikaa kimya mkononi mwangu.

Sisemi tulishinda. Humu batini
wengi hawakubakiza kitu kingine ila hiki kioo.
Nawe ulichukuliwa na moyo, si na damu,
Novemba, kwenye ngazi, na mfuko wa viazi;
viwili vilibiringika hadi mlangoni kwa jirani.

Basi sikiliza. Nikisubiri ufunguo, mezani
palikuwa na rundo la fomu za kila mwaka.
Namba mia na kumi na nne.
Umri: arobaini na mitatu.
Hali: hai.
Na penye malalamiko, kwa mwandiko wa kuku,
anatushtaki kwamba dole gumba la mguu limevimba,
daktari asema ni jongo,
na je, ni haki mtu kunyimwa bia na soseji?

Jongo, Bogna! Ugonjwa wa watu wazima wenye shibe.
Nimecheka mpaka jirani akagonga ukuta.
Kisha nimekitoa kioo chake, nimekifuta kwa kanga ya mkono wa sweta,
nimekiinua kwenye taa ya jikoni:
doa la waridi, dogo kuliko kifungo,
mtoto wa miaka sita, Februari, homa.

Kidude chako kimeshika kutu kidogo.
Nimebonyeza mara moja.
Ta.